Kwetu Kuna Nini cha Kuona? Somo la Safari ya Shinyanga, Mwadui na Geita



Ndugu wasomaji, mwaka jana madrasa yetu ilipokea wageni kutoka Tanga waliokuja kwa ajili ya mashindano ya kusoma Qur'ani. Siku ya pili, baada ya chai, mmoja wao alituuliza swali jepesi: "Sisi kwetu tuna bahari na mapango ya Amboni. Nyinyi kwenu kuna nini cha kuona?" Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akajibu, "Kwetu hakuna kitu, ni vumbi na ng'ombe tu." Wageni wakacheka, nasi tukacheka.

Ustadh wetu hakucheka. Jioni ile alituambia kwamba mtu asiyejua kwao hata akipelekwa kwa watu hataona kitu. Akatuagiza kila mmoja aende kwa wazee wake aulize, aandike, kisha tukutane. Matokeo yake yalikuwa safari ya siku tatu wakati wa likizo, iliyogharimiwa na michango ya wazazi wetu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Tumeandika somo hili ili wenzetu ambao hawakupata nafasi wasikose faida, na ili mgeni mwingine akiuliza swali lile tuwe na jibu.

MJI WETU NA NJIA ZAKE

Wengi wetu tulidhani kuwa mji wenye historia ni lazima uwe na magofu ya mawe kama Kilwa au Bagamoyo. Miji ya bara ina historia pia, ila historia yake imo zaidi katika njia zilizopita humo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ikafika Tabora, na hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, na nyingine ilipanda kaskazini ikipita nchi ya Wasukuma hadi ziwani. Wapagazi wengi wa misafara ile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kwa njia hizo hizo Kiswahili na dini ya Kiislamu viliingia bara.

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipita njia hiyo ya kaskazini akitokea Tabora, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa. Vitabu vingi husema kwamba yeye ndiye "aliyeligundua" Ziwa Victoria. Ni vyema ikumbukwe kwamba hakuwa peke yake. Alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India. Baada ya kupata uhuru wake Bombay alirudi Afrika, akawa kiongozi na mkalimani wa misafara. Aidha, wenyeji wa mwambao wa ziwa hilo walikuwa wakivua humo na kuliita Nyanza kwa vizazi vingi kabla ya Speke kuja.

Baada ya misafara ikaja reli. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, nayo ilipita Shinyanga. Pamba na ng'ombe wa Usukuma vikapata njia ya kwenda mbali, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Siku ya kwanza ya safari yetu tulianzia hapo stesheni, mahali ambapo kila mmoja wetu amepita mara mia bila kupatazama.

MBUNG'O, PANGA NA JANGWA

Kutoka stesheni tulikwenda Old Shinyanga, nje kidogo ya mji. Wengi wetu hatukujua kwamba wakati wa Waingereza hapo palikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, yule nzi anayeeneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Mkurugenzi wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Jina lake limebaki katika vitabu vya sayansi duniani kote, kwa kuwa kuna aina ya mbung'o iitwayo Glossina swynnertoni.

Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka. Kwa hiyo dawa iliyoonekana karibu ilikuwa kufyeka msitu. Watu walikusanywa kwa maelfu, wakafyeka na kuchoma moto maeneo makubwa. Mbung'o wakapungua, na watu na ng'ombe wakapata mahali pa kuishi. Lakini kila jambo lina upande wa pili. Baada ya hapo yalikuja mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka katika maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi ikabaki wazi. Ilipofika miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere mwenyewe aliifananisha Shinyanga na jangwa la Tanzania.

Kumbe yule mwenzetu aliyesema kwetu ni vumbi tu alikuwa anasema jambo lenye historia, ingawa hakulijua!

NGITILI: ARDHI ILIYOPUMZISHWA

Mchana wa siku hiyo tulipelekwa katika ngitili ya mzee mmoja anayefahamiana na madrasa yetu. Kwa wasiojua, ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga kipande cha ardhi na kukifunga wakati wa masika, mifugo isiingie. Majani hukua na miti huchipua. Kiangazi kikiwa kikali na malisho yamekwisha kwingine, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo. Nyingine ni za familia na nyingine ni za kijiji.

Tulitarajia kuona kitu cha ajabu. Tuliona migunga, majani marefu yaliyokauka rangi ya dhahabu, ndege wengi, na kivuli. Mmoja wetu akauliza, "Babu, mbona hapa kuna baridi kuliko barabarani?" Mzee akasema, "Hapa palikuwa peupe kama kiganja changu. Baba yangu alikuwa na ngitili, ikapotea. Mimi nilipoifunga tena watu walinicheka, wakasema nimefunga vumbi. Sikupanda miti mingi, mjukuu wangu. Niliiacha ardhi ipumzike, na mizizi ilikuwa bado ipo chini."

Maneno hayo ya mzee yanakubaliana na kumbukumbu zilizoandikwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI. Badala ya kuwaletea watu jambo geni, mradi uliwarudisha kwenye desturi yao ya ngitili, na sheria za kuzilinda zikasimamiwa na wananchi wenyewe kupitia dagashida, yaani mkutano wa kimila, na sungusungu. Katika muda usiozidi miaka 20, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa kama ulivyokuwa wakati ule, kabla haujagawanywa. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa.

Basi ndugu zetu wa Tanga wakija tena, tutawapeleka hapo kwanza.

ALMASI YA MWADUI

Alasiri tulielekea Maganzo, mji mdogo katika barabara kuu ya Mwanza, wilaya ya Kishapu. Kutoka hapo mgodi wa Mwadui hauko mbali, na vilima vya mabaki yake huonekana kabla hujafika. Hatukuingia ndani ya mgodi, kwa sababu mgodi hauingiwi ovyo. Kibali huombwa mapema. Tulisimama nje, na mwalimu wetu wa jiografia akatupa somo.

Almasi huumbika chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 100, kwa joto na mgandamizo mkubwa. Huletwa juu na mlipuko wa volkano unaopita katika shimo jembamba kama bomba. Mwamba unaojaza bomba hilo huitwa kimberlaiti. Jina hilo limetokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini, ambako watu walifurika kutafuta almasi kuanzia mwaka 1871. Walichimba kwa sururu na koleo hadi mwaka 1914, wakaacha shimo kubwa ambalo leo ni makumbusho, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mdomo wa shimo lile la Kimberley una ukubwa wa hekta 17 hivi. Bomba la Mwadui lina hekta 146 juu ya ardhi, yaani zaidi ya mara nane. Ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyopata kuchimbwa duniani, nalo liko mwendo mfupi kutoka madrasani kwetu.

Aliyeligundua ni mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, Dk. John Williamson, mwaka 1940, baada ya kutafuta kwa miaka mingi huku akiishiwa fedha na akisumbuliwa na maradhi. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, na Williamson akampa zawadi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Baada ya kukatwa na kung'arishwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katika pambo la nguo la umbo la ua. Karati moja ni gramu 0.2. Fanyeni hesabu, mtaona kwamba jiwe lile zima halikufika gramu 11.

Williamson alifariki hapo Mwadui mwaka 1958. Tangu hapo mgodi umepita katika mikono mingi: serikali pamoja na kampuni ya De Beers, kisha serikali pekee, kisha De Beers tena kuanzia 1994, kisha kampuni nyingine, huku serikali ikiwa na hisa. Mwadui ilikuwa na uwanja wake wa ndege, hospitali na shule, na hata timu ya mpira iliyocheza Ligi Kuu. Hata hivyo, pembezoni mwa uzio wake wapo wanaoitwa wabeshi, vijana wanaoingia usiku kutafuta vijiwe kwa hatari ya maisha yao. Na mwezi Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani.

Tulipokuwa tukiondoka mwenzetu mmoja aliuliza, "Ustadh, almasi ikishatoka, nyingine huota?" Ustadh akamjibu, "Haioti. Ndiyo tofauti yake na ngitili."

NJIA YA GEITA

Siku ya pili tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Tulipita Mabuki na Misungwi, na Usagara tukaiacha njia ya Mwanza mjini tukashika ya Kigongo. Hapo zamani gari lilingoja feri, na kuvuka kwenyewe kulichukua nusu saa hivi, achilia mbali foleni. Tangu Juni 2025 kuna daraja lenye urefu wa kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lililopewa jina la Hayati Rais John Pombe Magufuli. Dereva wetu alipunguza mwendo ili tuone maji pande zote mbili. Wadogo zetu ambao hawajawahi kuona ziwa walinyamaza kimya, na kwa wanaowajua, hilo si jambo la kawaida.

Sengerema tulisimama tukatia udhu, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza na kukusanya, rakaa mbili mbili. Wengi wetu tulikuwa tumeisoma sala ya msafiri kitabuni tu. Kuanzia siku ile hakuna atakayeisahau.

GEITA NA DHAHABU YAKE

Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa hiyo baadhi ya ndugu zetu wa huko walilala Shinyanga wakaamka Geita bila kuhama nyumba! Lakini habari za dhahabu yake ni za zamani. Wajerumani waliitaja tangu mwaka 1898. Wakati wa Waingereza, katika miaka ya 1930, ulifunguliwa mgodi uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki, ukafanya kazi hadi mwaka 1966. Kisha kukawa kimya kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 2000 ulifunguliwa mgodi mkubwa wa sasa, magharibi ya mji, na mwaka uliofuata ukafunguliwa ule wa Bulyanhulu katika upande wa Kahama.

Pamoja na migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, katika sehemu kama Nyarugusu na Rwamgasa. Wao huchimba maduara, yaani mashimo membamba yanayoshuka wima kufuata mkanda wa dhahabu. Mawe hupandishwa kwa kamba, husagwa katika karasha, na unga wake huchenjuliwa kwa maji. Wengine hukusanya magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa, wakitumaini kupata punje iliyosahauliwa. Mwaka 2019 lilifunguliwa mjini Geita soko la madini ili mchimbaji auze kwa mizani ya halali na serikali ipate haki yake. Tulikumbushana hapo somo la zaka: kiwango cha dhahabu ni mithqali 20, ambazo wanazuoni wengi wa sasa hukadiria kuwa gramu 85.

Dhahabu hiyo ina gharama isiyoonekana sokoni. Kwanza ni kufukiwa. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Januari 2017, huko Nyarugusu, watu 15 waliofukiwa waliokolewa wote. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hao. Wengi wengine hawakutoka.

Pili ni zebaki. Wachimbaji huichanganya na unga wa mawe ili ikamate dhahabu, kisha huichoma moto ipae hewani. Mvuke wake hauna harufu ya kumshtua mtu, lakini huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa watoto na kwa mama wajawazito.

Tatu, na hili linatuhuzunisha kuliko yote, ni ushirikina. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu wapiga ramli waliwadanganya watu kuwa viungo vyao huleta utajiri wa madini na uvuvi. Vikongwe nao waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka mingi tu. Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sisi tunasema wazi: hakuna damu ya mtu inayovuta dhahabu, na anayeamini hivyo amepoteza akili na dini kwa pamoja. Mwenzetu mwenye ualbino ni ndugu yetu. Akae nasi mstari wa mbele, tumkinge na jua, na tumsaidie kuona ubao.

KIJANA WA KWENYE KARASHA

Siku ya tatu asubuhi tulisimama kando ya makarasha. Kelele zilikuwa nyingi na vumbi jeupe limetanda. Kijana mmoja alitukaribia, umri wake kama wetu wa darasa la sita. Nywele, kope na mikono vyote vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Aliona kofia zetu akatoa salamu, akauliza tunatoka madrasa gani. Akasema, "Mimi pia nilikuwa nasoma. Nilifika juzuu ya pili." Ustadh akamwomba atusomee. Aliinama, akapangusa midomo kwa mkono, akasoma sura fupi. Tajwidi yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengi wetu, na tunakiri hilo bila kuona haya.

Kisha akatuuliza, "Nyinyi mkimaliza madrasa mnapata nini? Mimi hapa nikibahatika napata hela jioni hiyo hiyo."

Hakuna aliyemjibu. Sisi wenyewe tunaye mwenzetu aliyeacha madrasa mwaka juzi akaenda machimboni, na kila tulipomkumbuka tulisema amepotoka. Hatukuwahi kujiuliza kama alikuwa na njaa.

Ustadh hakumhubiria yule kijana. Alimuuliza mama yake yuko wapi, anakula wapi, analala wapi, na kama anakohoa usiku. Alisema anakohoa. Ustadh akazungumza naye faragha kwa muda, na tulipoondoka tukamwachia juzuu moja na chakula chetu cha mchana. Garini hakuna aliyelalamika njaa. Baadaye Ustadh alituambia kwamba sheria ya nchi, yaani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari kama hizo, lakini sheria peke yake haipiki ugali. Akasema amekwishazungumza kwa simu na imamu wa msikiti wa karibu ili kijana yule afuatiliwe, na kwamba wenzetu kama hao ni deni letu sote.

KISIWA CHA RUBONDO

Tulitamani kufika Rubondo lakini michango haikutosha. Insha'Allah mwaka mwingine. Hata hivyo tunawapa habari zake, kwani kisiwa hicho kimo katika mkoa huo huo wa Geita, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, na ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Wageni huvuka kwa boti. Wapo humo viboko, mamba, pongo, nzohe, na tembo na twiga walioletwa kutoka bara, pamoja na ndege wengi wa majini.

Maarufu zaidi ni sokwe wake. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa kisiwani sokwe 17 hivi waliokuwa wamefungwa Ulaya, wengi wao katika mabustani ya wanyama. Walikuwa wametekwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakazoea vyumba vya chuma na kulishwa na watu. Walipofunguliwa msituni wengi walidhani hawataweza kuishi. Wakajifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota vyao mitini, wakazaana, na vizazi vyao vipo mpaka leo.

TULIYOJIFUNZA

Ndugu wasomaji, tumeona ardhi moja ikitoa utajiri wa namna mbili. Utajiri wa kwanza ukishatolewa haurudi. Almasi ya karati 54.5 ilikwenda, na Mwadui kumebaki shimo. Hatusemi kwamba madini ni mabaya, kwani ni neema ya Mwenyezi Mungu, na mapato yake yakitumika kwa haki hujenga shule na hospitali. Tunachosema ni kwamba anayeitegemea neema isiyoota ni lazima aigeuze haraka kuwa kitu kinachoota.

Utajiri wa pili ni ule wa ngitili. Haukupi kitu leo jioni. Unafunga, unangoja, majirani wanakucheka, kisha kiangazi kinakuja na wewe una majani. Elimu ya mtoto ni ngitili. Mzazi anayemwacha mwanawe asome, huku nyumbani kuna dhiki na machimboni kuna hela ya jioni, anafanya jambo gumu sana, na tunamwombea subira. Anayeweza kumsaidia mzazi huyo kwa daftari, kwa ada au kwa debe la mahindi amelinda ngitili ya jirani yake.

Na kwa yule aliyekwisha kwenda machimboni, tunakumbuka maneno ya mzee wetu: mizizi bado ipo chini. Mwenzetu aliyeacha madrasa mwaka juzi alirudi nyumbani kwao mwezi uliopita kumuuguza mama yake. Tulikwenda kumsalimia watu wanne. Hatukumuuliza habari za dhahabu. Tulimwambia nafasi yake kwenye jamvi ipo.

KWA WANAOTAKA KUZURU

Safari nzuri ni ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, barabara za vijijini zikiwa kavu. Bebeni maji ya kutosha, kofia, na kitambaa cha kuzuia vumbi. Kuingia mgodini ombeni kibali mapema kwa barua ya madrasa au shule. Msishuke katika duara hata mkikaribishwa, wala msiguse zebaki. Mkiingia ngitili ya mtu ombeni ruhusa kwa mwenyewe, msikate tawi na msiwashe moto. Na msiwapige picha watu kazini bila idhini yao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sidi Mubarak Bombay alikuwa nani, na kwa nini ni vyema jina lake litajwe pamoja na la Speke?
2. Kufyeka misitu kuliondoa tatizo gani Shinyanga, na kulileta tatizo gani?
3. Eleza maana ya ngitili. Je, nyumbani kwenu au kijijini kwenu ipo? Nani anaitunza?
4. Almasi ya mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa na 23.6 baada ya kukatwa. Zilipotea gramu ngapi?
5. Taja gharama tatu za dhahabu zisizoonekana sokoni.
6. Yule kijana wa kwenye karasha aliuliza, "Mkimaliza madrasa mnapata nini?" Wewe ungemjibu nini? Andika jibu lako kwa ukweli, ulete darasani.

Wabillahi tawfiq.